Alama Nyekundu Makaburini

Ofisini walimwita Bi Taipu, ingawa mashine ya mwisho ya taipu iliuzwa pamoja na vyuma chakavu zamani sana, na wengi wa vijana waliomwita hivyo hawakuwahi hata kuisikia ikilia. Aliajiriwa na baraza akiwa msichana mwenye vidole vyepesi. Kompyuta zilipoingia akahamishiwa mapokezi. Mapokezi yakapata msichana mwenye sauti tamu ya simu, naye akahamishiwa masjala, na masjala nayo ikafungwa. Tangu hapo akawa mtu wa kutumwa. Kazi isiyo na mwenyewe ilizunguka meza zote, kila mmoja akiipiga chenga, na mwisho ikatua kwake. Ndivyo alivyopewa makaburi, ayasome mawe yake na kuyaorodhesha.

Makaburi yenyewe yalikuwa nje ya mji, nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa, na kwa miaka mingi hakuna aliyeyajali isipokuwa mbuzi. Sasa barabara kuu ilikuwa inapanuliwa, na kati ya njia zote ilizoweza kupita ikachagua kupita hapo. Baraza likatenga uwanja mpya ng'ambo ya mto na kutoa utaratibu. Kaburi lenye jiwe linalosomeka, na lenye ndugu wa kulisimamia, litahamishwa peke yake na kupewa nafasi yake. Lisilo na jiwe, au lisilo na mtu, mifupa yake itazikwa pamoja na mingine katika shimo moja kubwa. Tena ndugu mwenyewe si ndugu yeyote. Anatakiwa mtoto mkubwa aliye hai, au mume, mke au mpwa kama marehemu hakuacha mtoto, asimame penye jiwe siku ya ukaguzi, maana baraza lilikwisha kuchoshwa na familia zinazogombea maiti.

Afisa wa ardhi, akimsomea utaratibu huo, alipofika hapo pa mtoto mkubwa, Bi Taipu aliweka kalamu chini. Mama yake alizikwa pale. Na mtoto mkubwa wa mama yake alikuwa kaka yake, ambaye hawakuwa wakisemezana.

"Mimi nami ni mtoto wake wa kumzaa," alimwambia afisa. "Siwezi kusimama mimi?"

"Mama yangu, wewe ni wa pili." Afisa alikuwa kijana mpole, wale wanaokunyima kitu huku wakikuvutia kiti. "Halafu wewe ndiye unayeandika. Nikikuruhusu wewe, kesho nitaambiwa tumepanga."

"Na huyo mkubwa asipokuja?"

"Basi marehemu atakwenda na wenzake."

Aliposema wenzake alimaanisha shimo. Bi Taipu hakuhitaji kufafanuliwa. Alichukua faili lake akatoka, na ngazi za ofisi, alizozishuka maisha yake yote, siku hiyo alizishuka kwa kushika ukuta.

Kisa cha ugomvi huo watu wamekitia chumvi mno, kwa hiyo ni afadhali kisemwe kilivyo. Mama yao aliugua muda mrefu, ugonjwa wa kulala tu, na wale watoto wawili wakagawana zamu. Kaka alikuwa dereva wa lori, akakaa na mama siku asizosafiri. Bi Taipu akakaa naye siku nyingine. Mchana mmoja kaka alijua ni zamu ya dada, na dada alijua ni zamu ya kaka. Jirani aliyepita kuomba kiberiti alimkuta mama amekwisha kukata roho, mkono umening'inia upande wa kikombe ambacho haukukifikia. Kule msibani, mbele ya waombolezaji, wale wawili wakatupiana neno moja: wewe ndiye uliyemuua. Nani alianza kulisema hata wenyewe walikwisha kusahau, ila wote wawili walilisema. Tangu hapo salamu zao zilipitia kwa wifi, yaani mke wa kaka, na wifi alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika.

Basi kazi ikaanza. Alipewa msaidizi mmoja, mfyekaji majani wa baraza, mwanamume mwembamba ambaye mdomo wake ulifyeka kuliko panga lake. Asubuhi mfyekaji alitangulia kusafisha mstari mmoja wa makaburi, Bi Taipu akafuata na ndoo ya maji, brashi laini na kiti kidogo cha kukunja. Majani yalikuwa yamemeza kila kitu. Mawe mengine yalilala kifudifudi, mengine yaliegemeana kama walevi, na mengine yalikuwa yamepandwa na kuvu hadi huwezi kujua wapi jiwe linaishia na wapi ardhi inaanzia.

Kusoma jiwe lililolika si kazi ya kukimbilia. Siku za mwanzo Bi Taipu alikodoa macho mpaka yakamtoka machozi, akapapasa herufi kwa vidole kama anayetafuta sindano, akaambulia herufi mbili tatu. Kisha, siku moja alipokuwa akifunga kitambaa chake vizuri kwa kutumia kioo kidogo cha mkobani, mwanga wa kile kioo ukapita ubavuni mwa jiwe lililokuwa mbele yake, na jina zima likajitokeza. Ukilitazama jiwe la namna hiyo uso kwa uso, halikuambii kitu. Lakini ukilimulika kwa pembeni, mwanga ukapita juu yake kwa kulala, kila herufi hujaa kivuli chake na kusomeka. Kesho yake aling'oa kioo cha mlango wa kabati lake la nguo, akakifunga kwa shuka kuukuu, akaja nacho. Mfyekaji akawa mshika kioo, yeye akawa msomaji na mwandishi.

"Hapa amelala fundi seremala, aliyependwa na wote," alisoma siku moja kwa sauti, kalamu mkononi.

"Na wote?" mfyekaji akauliza kutoka nyuma ya kioo. "Mke wake hakuulizwa."

"Shika kioo."

"Nimeshika. Lakini nasema tu, mimi nilikuwa jirani yao. Sahani zilikuwa zinaruka."

"Juu kidogo. Hapo hapo. Sasa nyamaza nisome mwaka."

Hivyo ndivyo walivyokwenda, jiwe kwa jiwe, jua likiwapiga utosini, mgongo ukimuuma Bi Taipu kuanzia kiunoni hadi kwenye kisogo. Jioni miguu yake ilikuwa imevimba, viatu havimtoki mpaka akae kitandani na kuvivuta kwa mikono miwili. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Wenzake wa rika lake ofisini walikuwa wakisinzia mbele ya feni. Mara nyingine alijiuliza ni kosa gani alilolitenda mpaka apewe kuinama hivi uzeeni, na jibu halikuja, akainama tena.

Kila jiwe lililokwisha kuandikwa lilitakiwa liwekwe alama, wasije wakalirudia. Bi Taipu alikwenda stoo ya baraza kuomba chaki. Mtunza stoo akamwambia chaki huoshwa na mvua, akaingia ndani, akarudi na mkebe wa rangi nyekundu uliofunguliwa, nusu yake imetumika. Rangi nzuri kabisa, ya mafuta. Bi Taipu akashukuru akaenda zake. Kwenye kona ya kila jiwe alilolisoma akaweka mstari mmoja mwekundu, akaukatiza kwa mwingine. Alama safi, inayoonekana hata ukiwa barabarani.

Jiwe la mama yake walilifikia katikati ya kazi. Halikuhitaji kioo. Kaka alilichongesha kwa fundi mzuri na kulileta mwenyewe kwa lori lake, na maandishi yalikuwa bado yamekaa sawasawa: jina, miaka, na chini yake maneno MAMA YETU. Bi Taipu alilisugua kuliko mengine. Mfyekaji, ambaye alikuwa na maneno ya kila marehemu, safari hiyo alikwenda kunoa panga lake mbali. Alama nyekundu aliiweka ndogo, kwa adabu, kisha akabaki amesimama akilitazama lile neno YETU. Alikuwa na hasira na kaka yake na alimkumbuka pia, na vyote viwili vilimchosha.

Jioni hiyo alipiga simu.

"Wifi, mwambie kaka, wiki ijayo Ijumaa afisa anakuja kukagua makaburi. Mtoto mkubwa lazima asimame penye jiwe la mama. Asipokuja, mama anatiwa kwenye shimo la watu wote."

"Nitamwambia, wifi."

Kesho yake akapiga tena. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Amesikia."

"Amesikia tu?"

"Wifi, mimi nimeolewa na mtu, sikuolewa na redio. Amesikia, basi."

Ijumaa ya wiki hiyo ilipofika, ukaguzi ulikuwa umebakiza wiki moja, na mawe yote yaliyosomeka yalikuwa yameandikwa na kutiwa alama. Jumamosi na Jumapili Bi Taipu hakutoka ndani. Alikaa na miguu kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi, kabati lake halina kioo, chai yake inapoa mezani. Alikuwa amepanga aende kwa kaka yake mwenyewe, uso kwa uso, aseme linalotakiwa kusemwa. Alivaa hata gauni la kutokea. Kisha akaketi kidogo apumzike, na gauni likaishia kupata makunyanzi ya kulaliwa.

Jumatatu asubuhi alifika makaburini akakuta mawe hayapo.

Alidhani amepotea njia. Alitazama nyuma akaona kiwanda cha matofali mahali pake, akatazama mbele akaona uwanja mtupu uliofyekwa, na kila mahali palipokuwa na jiwe palikuwa na tundu jipya lenye udongo mbichi. Mawe yasiyosomeka, yale ambayo hayakutiwa rangi, yalikuwa palepale yameegemeana kama kawaida yao. Yaliyotiwa rangi yalikuwa yametoweka. Mfyekaji alikuwa amechuchumaa kwenye lango, ameshika tama.

"Wezi?" Bi Taipu akauliza.

"Wezi gani, mama. Wenyewe."

"Wenyewe akina nani?"

"Wenye marehemu." Mfyekaji akainuka, akajikung'uta. "Ile rangi, mama. Hukumbuki mwaka jana zile nyumba za kando ya barabara? Watu wa baraza walipita na mkebe wa rangi nyekundu, wakachora alama ukutani kama hii yetu. Siku mbili tu, tingatinga hilo hapo. Watu walitolewa na vyungu vikiwa jikoni. Sasa Jumamosi mtu mmoja kapita hapa kakuta jiwe la baba yake lina ile alama. Kapiga kelele. Mpaka Jumapili jioni mji mzima ulikuwa hapa na majembe na mikokoteni. Kila mtu kang'oa wake kakimbia naye nyumbani."

Bi Taipu akaukumbuka mkebe wa stoo. Mkebe ulikuwa ule ule. Mtunza stoo alimpa mabaki ya rangi iliyobomolea nyumba za watu, naye akaipaka kwenye mawe ya mama zao na baba zao, kwa mkono wake, safi, ionekane mpaka barabarani. Alicheka, kicheko kibaya kisicho na furaha, mpaka mfyekaji akamtazama kwa wasiwasi. Hakuwa na nguvu hata ya kulia.

Ndipo alipoliona. Katikati ya matundu yote yale, jiwe moja lenye rangi lilikuwa bado limesimama wima peke yake. Hakuhitaji kulisogelea. Alilijua kwa kimo chake.

Alikwenda polepole akasimama mbele yake. Kushoto, tundu. Kulia, tundu. Hata mshona viatu mmoja, aliyekufa bila mke wala mtoto, alikuwa amefuatwa. Maana yake ilikuwa wazi kama mchana: kila maiti aliyelala pale alikuwa na mtu wa kumkimbilia, ila mama yake.

"Labda wameona wewe upo ofisini..." mfyekaji akaanza.

"Usiniambie kitu."

Mfyekaji akarudi langoni.

Utaratibu ulikuwa haujabadilika. Jiwe lisipokuwa juu ya kaburi lake, kaburi hilo halina mtu. Mawe yalikuwa salama majumbani na wafu wenyewe walikuwa njiani kuelekea shimoni. Kwa hiyo Jumatatu, Jumanne na Jumatano Bi Taipu alizunguka nyumba kwa nyumba, mkono mmoja umeshika faili na mwingine umeshika kiuno, akiwaomba watu warudishe walichokiokoa.

Muuza mkaa alimpokea akiwa amekaa juu ya gunia. Jiwe la baba yake lilikuwa nyuma ya magunia, limefunikwa turubai.

"Baba aliondolewa na baraza hilo hilo kwenye vibanda vitatu alipokuwa hai," alisema. "Safari hii nimewawahi."

"Ile rangi si ya kubomoa, kaka yangu. Ni alama ya kwamba amekwisha kuandikwa. Waliotiwa rangi ndio wanaohamishwa vizuri."

Muuza mkaa akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa anayeongea ovyo. "Baraza linakuja na rangi nyekundu ili likusaidie? Hilo ndiyo kwanza nalisikia kwako leo."

"Mimi ndiye niliyeipaka. Kosa ni langu. Nakuomba."

"Mama, wewe unaonekana umechoka. Kaa kwanza unywe maji."

Alikaa akanywa maji, akaeleza tena tangu mwanzo, na mwisho muuza mkaa akakubali shingo upande, kwa sharti kwamba atalirudisha mwenyewe na atalala karibu nalo.

Kwa fundi baiskeli mambo yalikuwa mengine. Yeye aliling'oa jiwe la mke wake wa kwanza, marehemu, akalizungushia blanketi na kuliweka chumbani. Mke wake wa sasa alikuwa uani, amenuna, anapepeta mchele kwa fujo.

"Afadhali umekuja," alimwambia Bi Taipu. "Tangu Jumapili tunalala watatu. Usiku nikigeuka nasoma jina lake. Mwambie amrudishe mwenzangu kwake, kila mtu akae kwake!"

"Alikuwa ananitazama," fundi baiskeli akajitetea. "Ningemwacha pale avunjwevunjwe?"

"Humwachi, unamrudisha," Bi Taipu akasema. "Kesho kutwa asubuhi awe mahali pake, nawe usimame hapo hapo."

Nyumba baada ya nyumba ilikuwa hivyo. Alikuta mawe chini ya vitanda, nyuma ya milango, bafuni, moja limewekwa kwenye kiti cha sebuleni kama mgeni. Alibembeleza, alieleza, alikubali lawama, alivumilia utani. Kufikia Jumatano jioni wote walikuwa wameahidi. Angepaswa kufurahi. Lakini kila alipotoka katika nyumba moja alizidi kuwa mzito. Watu wale walikuwa wamebeba mawe kwa migongo yao, wengine wazee, wengine wagonjwa, na hakuna hata mmoja aliyesita. Wao walikuwa na mapenzi ya kijinga yaliyowaponza, na Bi Taipu aliyaonea wivu.

Alhamisi mchana, watu wa kwanza walipoanza kurudi na mikokoteni yao, kila mmoja akatafuta tundu lake na kuligombania kidogo na jirani, Bi Taipu alimwita mfyekaji.

"Lete mtaimbo na toroli."

"Tunasaidia nani?"

"Tunang'oa la mama yangu."

Mfyekaji aliweka panga chini. "Mama, siku tatu umezunguka mji mzima kuwaambia watu warudishe. Leo wanarudisha, wewe unang'oa?"

"Lete mtaimbo, nimekwambia."

Walilitikisa, wakalichimbua, wakalilaza ndani ya toroli. Mfyekaji alitaka kumsukumia, akakatazwa. Bi Taipu alilishika toroli mwenyewe akatoka nalo langoni, akipishana na watu wanaoingia. Walimtazama kwa mshangao. Akazidi kusukuma. Nyumba ya kaka yake ilikuwa upande wa mashine ya kusaga, mwendo wa kupanda kilima, na kila hatua chache alisimama akapumua, akajifuta jasho kwa kitambaa cha kichwani, akaendelea. Alikuwa amechoka hoi. Kilichomsukuma kilikuwa hasira tu, na hata hiyo ilikuwa inakaribia kuisha.

Wifi ndiye aliyefungua mlango wa ua. Alimtazama Bi Taipu, akalitazama toroli, akafungua mlango wote.

"Karibu, wifi," alisema, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba.

"Kaka yupo?"

Kaka alikuwepo. Alitoka ndani akiburuta goti lake bovu, vifungo vya shati havijafungwa, mvi zimemjaa. Bi Taipu hakuwa amemwona kwa karibu kwa muda mrefu. Alishtuka kuona kipaji cha uso cha mama yake juu ya macho ya mzee yule.

"Nimemleta mama," alisema. Alikuwa amejiandalia maneno mengi njiani, na yote yalitoka kwa mpigo mmoja. "Mawe yote yalichukuliwa, kaka. Yote. Muuza mkaa alimbeba baba yake mgongoni. Fundi baiskeli alimbeba marehemu mke wake akamweka kitandani kwa mke mdogo. Mshona viatu asiyezaa alifuatwa na wapwa zake. Jumatatu nimefika nikamkuta mama amesimama peke yake, kama mtu aliyeachwa na basi. Hapa ulipo na pale alipo ni pua na mdomo. Ulikuwa wapi?"

Kaka alishuka kibarazani akalisogelea toroli, akaweka kiganja juu ya jiwe.

"Nilisikia Jumamosi," alisema. "Watu walipita hapa na mawe, wakaniambia. Nilikwisha kuvaa mpaka viatu."

"Halafu?"

"Nikavivua. Nikasema, kwa nini nihangaike? Wenzetu hawana mtu kule ndani ya baraza, sisi tunaye. Mdogo wangu ndiye anayeyashika yale makaburi, hawezi kukubali mama aguswe." Alifuta vumbi kwenye kona ya jiwe. "Nilijua wewe upo."

Bi Taipu alitaka kumrukia kwa maneno. Hayakuja. Kwa maana yeye mwenyewe, siku ile alipomaliza kuweka rangi na kwenda kuloweka miguu yake, alijiambia nini? Alijiambia kaka anakaa karibu, tena amekwisha ambiwa, lolote likitokea atakuwepo. Alivaa gauni, akalala nalo. Hakuna aliyemtelekeza mama yao. Kila mmoja alikuwa amemwachia mwenzake, kwa moyo mweupe kabisa, na mama akabaki hana mtu.

Kaka alikuwa bado ameinamia jiwe. "Hata ule mchana," alisema. "Mimi nilifikiri ni zamu yako."

"Na mimi nilifikiri ni yako."

Katika miaka yote ile walikuwa hawajawahi kuyatamka maneno hayo. Walikuwa wametamka yale mengine tu, ya nani kaua. Bi Taipu aliketi kwenye kibaraza, akalia bila kuficha uso, kilio kidogo cha mtu aliyechoka. Kaka alilia kwa kusimama. Wifi aliwatazama wote wawili, akaingia ndani kimya, akatoka na viatu vya mumewe akaviweka mbele ya miguu yake.

"Jua linashuka," alisema.

Kaka akavaa viatu. Alipoinuka alishika mkono mmoja wa toroli, na Bi Taipu akawa amekwisha kuushika ule mwingine.

"Niachie, umechoka wewe."

"Goti lako hilo utalipeleka wapi? Niachie mimi."

"Mimi ndiye mkubwa."

"Mimi ndiye niliyelileta."

Sasa, toroli lina mikono miwili lakini ni chombo cha mtu mmoja, kila aliyewahi kulisukuma anajua. Wale wawili walitoka nalo uani wakiwa wameshika kila mtu mkono wake, na likaanza kwenda upogo: kaka akisukuma zaidi linaelekea mtaroni upande wa dada, dada akisukuma zaidi linaelekea ukutani upande wa kaka. Mama yao akayumbishwa huku na huku kuteremka kilima chote.

"Kesho nitasimama," kaka alisema, pumzi zikimkatika. "Na wewe usimame."

"Mimi kazi yangu ni kuandika."

"Utaandika umesimama."

Kwenye mashine ya kusaga mwanamke mmoja aliyebeba unga kichwani ilibidi awapishe mara mbili. "Jamani!" aliwaita huku akicheka. "Si mwachieni mmoja asukume?"

Bi Taipu alikuwa amechoka kuliko siku zote za maisha yake, kiganja kinamwaka moto, na kwa kweli mmoja angeweza. Alimtupia jicho kaka yake. Kaka alikuwa anamtazama yeye, ameng'ang'ania mkono wake wa toroli kwa vidole vyote, na hakuna aliyeachia.